Kufua Matambara Yaliyochafuka Sana

(Maneno ya hotuba iliyotungwa kwa ajili ya vyama vya wanawake na watu wote wenye kutunza nyumba, mjini na mashambani)



Katika kila nyumba, iwe ya makuti huko pwani, iwe ya udongo na mabati huko bara, au iwe chumba kimoja cha kupanga mjini Nairobi, kuna kitu kifanyacho kazi kuliko vyote na kusifiwa kidogo kuliko vyote, nacho ni tambara. Kwa tambara hupanguswa meza, hushikwa sufuria ya moto, husafishwa kioo cha taa, hukaushwa sakafu, hufutwa maziwa yaliyomwagika na matapishi ya mtoto. Kazi ikiisha, hutupwa nyuma ya mlango au chini ya meza likingojea kazi ya kesho. Nguo za Jumapili hufuliwa, hupigwa pasi na kukunjwa. Tambara halifuliwi mpaka lianze kunuka, na mara nyingine hata hapo halifuliwi, bali huchovywa tu majini na kukamuliwa.

Wako watakaocheka wakisikia ya kuwa jambo dogo kama hili limetungiwa hotuba. Wacheke kidogo, kisha wasikilize, kwa maana jambo lenyewe lahusu afya ya watoto. Tambara lenye mafuta na makombo ya chakula, lenye unyevu na joto, ni shamba zuri sana la vijidudu vya maradhi. Kijidudu kimoja kikipata chakula, maji na joto la kutosha, chaweza kujigawa kuwa viwili kila baada ya dakika 20. Mtu akifanya hesabu hiyo kwa saa saba, atakuta kimoja kimekuwa zaidi ya 2,000,000. Maana yake ni hii: mama aliyepangusa maji ya nyama saa sita ya mchana, akaliacha tambara likiwa limelowa karibu na jiko, akalichukua tena saa moja ya jioni kupangusa meza ya chakula, hapangusi meza bali anaipaka. Meza itang'aa, na watoto watakaa na kula kwa mikono juu yake, na usiku mmoja wao atashikwa na tumbo la kuhara. Kesho yake lawama zitaangukia maembe mabichi, au jirani, au maji ya bomba, wala hakuna atakayelitazama lile tambara.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1883 daktari Mjerumani, Robert Koch, alikwenda Misri na kisha Calcutta katika Bara Hindi kutafuta kitu kiletacho kipindupindu. Mwaka 1884 alieleza ya kuwa vijidudu vya ugonjwa huo huongezeka upesi sana juu ya nguo zilizolowana kwa uchafu wa mgonjwa, na ya kuwa hufa upesi vikikaushwa. Maneno hayo mawili, kulowana na kukauka, ndiyo msingi wa habari yote ya matambara. Kenya ilipatwa na kipindupindu mwaka 1971, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Kwa hiyo habari za Bwana Koch si hadithi za nchi za mbali.

Tena kuna macho. Ugonjwa uitwao trakoma, ambao umewapofusha watu wengi katika nchi kavu kama Turkana, Baringo, Narok na Kajiado, hupita kwa vidole, kwa nzi, na kwa kitambaa kimoja kilichofuta nyuso za watoto wengi. Mama mwenye watoto watano na kitambaa kimoja cha kuwafuta uso hutoa ugonjwa wa mmoja na kuwagawia wanne waliosalia, naye adhani anawatunza. Kila mtoto na awe na kipande chake, hata kama ni kipande cha khanga kuukuu kilichokatwa mara tano.

Mafundisho haya si mapya. Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza katika Kenya mwaka 1952, vilifundisha usafi wa nyumba pamoja na mapishi na ushonaji. Siku zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na wapo wengi walioviangalia vyama hivyo kwa shaka, wala haikuwa ajabu. Lakini sabuni na maji ya moto hufanya kazi ile ile mikononi mwa mtu yeyote, na wanawake wengi waliyashika mafunzo hayo wakawafundisha binti zao.

Sasa na ielezwe kazi yenyewe. Kosa la kwanza huwa halitokei wakati wa kufua, bali kabla yake, nalo ni kuwa na tambara moja kwa kazi zote. Tambara la jikoni, tambara la sakafu na tambara la choo ni matatu mbalimbali, wala hayapasi kukutana hata ndani ya beseni la kufulia. Nyumba ambayo watu wake hawajui kusoma, au ina watoto wadogo watumwao kazi, haihitaji maandishi: la sakafu lafaa liwe la gunia, la jikoni liwe jeupe au la amerikani, na la choo lishonwe uzi mwekundu pembeni au lifungwe fundo. Mtoto wa miaka minne atajua fundo ni nini. Na baba mwenye nyumba naye afundishwe, maana mara nyingi ndiye anayelichukua tambara la vyombo kupangusia mnyororo wa baiskeli, kisha akalirudisha mahali pake kimya kimya.

Tambara jema ni la pamba. Khanga iliyochakaa, shati la zamani, kaptula ya kaki, shuka kuukuu: vitu hivi hunywa maji vizuri na huvumilia kuchemshwa. Nguo ya nailoni hainywi maji, husukuma uchafu huku na huku tu. Sweta la sufu hunywa maji, lakini likichemshwa hujikunja na kuwa gumu kama ngozi. Vifungo na zipu na viondolewe kabla ya nguo kuitwa tambara, kwa sababu hukwaruza vyombo na huumiza vidole vya mfuaji.

Wengi hudhani ya kuwa uchafu ni uchafu tu, na ya kuwa sabuni nyingi na maji ya moto hutoa kila kitu. Sivyo. Uchafu ni wa namna nyingi, na maji ya moto ambayo ni rafiki wa mfuaji kwa uchafu mmoja ni adui yake kwa mwingine. Damu, maziwa, mayai na maji ya nyama huganda kwa moto kama yai ligandavyo katika sufuria. Tambara lenye damu likitiwa katika maji yanayochemka, damu hiyo hujishika ndani ya nyuzi, na doa halitoki tena. Uchafu wa namna hiyo huanza kwa maji baridi, na chumvi kidogo ikiwapo, mpaka maji yatoke meupe. Baadaye ndipo huja sabuni na moto. Uji na ugali uliokauka pia hupenda maji baridi kwanza: huloweshwa mpaka ulainike, kisha hukwanguliwa kwa mgongo wa kisu. Kuusugua ukiwa mkavu ni kuichana nguo.

Mafuta ni kinyume chake. Samli, shahamu ya nyama na mafuta ya kupikia huganda kwa baridi na kulegea kwa moto, basi haya ndiyo yatakayo maji ya moto tangu mwanzo. Hata hivyo maji peke yake, yawe ya moto namna gani, hayapatani na mafuta. Hapo ndipo ionekanapo kazi ya sabuni. Kila chembe ya sabuni ina pande mbili, upande mmoja wapenda maji na wa pili wapenda mafuta. Ule wa pili hujichoma ndani ya tone la mafuta, na ule wa kwanza hubaki nje ukishikana na maji, mpaka tone zima livutwe kutoka katika nyuzi na kuelea. Ndiyo sababu povu likiisha na maji yakawa ya kijivu na mafuta kuonekana juu, hakuna faida kuendelea kusugua: sabuni imekwisha kazi yake, na mafuta yatarudi katika nguo. Maji hayo yamwagwe na mengine yatiwe.

Masizi yana tabia yake. Hayayeyuki katika maji wala katika sabuni. Tambara lililopangusa sufuria ya kuni au kioo cha taa ya mafuta hushika masizi kwa njia ya mafuta yaliyochanganyika nayo, na mafuta yakitoka, masizi mengi hutoka nayo, lakini si yote. Tambara hilo litabaki la kijivu milele. Mama asijichoshe, weusi huo baada ya kuchemshwa haudhuru mtu, naye aliye na nguvu za ziada ana kazi nyingine nyingi za kuzitumia. Lililo bora ni kukipangusa kioo cha taa kwa karatasi ya gazeti kwanza, kisha kwa tambara.

Grisi ya baiskeli na ya gari yashangaza wengi, kwa maana dawa yake ni mafuta. Tambara hupakwa mafuta ya kupikia kidogo mahali penye grisi, likafikichwa mpaka grisi ilegee, ndipo hupakwa sabuni ya mche likiwa bado kavu, na maji hufuata mwisho. Mtu aanzaye kwa maji atasugua mpaka jioni.

Pamoja na sabuni, nchi ya Kenya ina msaidizi wa kufulia aliye tele katika ardhi yake yenyewe, nayo ni magadi. Ziwa Magadi, kusini ya Nairobi, lina magadi yasiyo na kifani, na kampuni ya kuyachimba ilianza mwaka 1911. Magadi hufanya mambo mawili. Kwanza huyashambulia mafuta na kuyalegeza. Pili hulainisha maji magumu. Wakazi wa pwani wanaochota visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe wayajua maji magumu: sabuni haitoi povu, bali hutoa utando mweupe unaonata katika nguo na katika beseni. Utando huo ni sabuni iliyoshikwa na chokaa ya maji, nayo imepotea bure pamoja na fedha iliyonunulia. Magadi yakitangulia kutiwa, chokaa hushikwa nayo, na sabuni hubaki huru kufanya kazi. Vijiko viwili vya mezani katika ndoo ya lita 10 vyatosha matambara ya kawaida, na yenye mafuta mengi huongezewa kidogo.

Lakini magadi yana ukali. Mikono yenye vidonda isiyaguse, na mtoto asiachwe karibu na ndoo. Wala yasichemshwe katika sufuria ya aluminiamu, kwa sababu huila aluminiamu, sufuria ikawa nyeusi na yenye vishimo. Debe la bati lafaa, au karai la chuma. Chombo hicho kiwe cha kufulia tu. Kupika chakula katika chombo kilichochemshia matambara ya sakafu ni kuubatilisha usafi wote. Debe likianza kutu ndani, libadilishwe, maana kutu hutia madoa ya rangi ya kahawia ambayo sabuni haiyatoi. Doa la kutu lililokwisha ingia hutoka kwa maji ya ndimu na chumvi likianikwa juani.

Kwa wasio na magadi, bibi zao walijua njia nyingine, nayo ni jivu la kuni. Jivu jeupe, lisilo na makaa wala takataka, hutiwa maji, huachwa litulie usiku mmoja, na maji ya juu huchujwa kwa nguo. Maji hayo huteleza kati ya vidole, nayo hukata mafuta vizuri. Nayo pia ni makali, basi yasiingie machoni.

Mpango wa kazi huwa hivi. Matambara hukung'utwa nje ya nyumba, mbali na jiko na kisima, ili mchanga na makombo yaanguke. Yale yenye kinyesi au matapishi hukwanguliwa, na uchafu huo hutupwa chooni, si uani. Kisha yote husuuzwa kwa maji baridi mara moja au mbili. Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo iokoayo sabuni kuliko zote, kwa kuwa nusu ya uchafu huondoka bila gharama. Baada ya hapo huloweshwa katika maji ya moto yenye magadi na sabuni iliyokatwakatwa, kwa muda wa saa mbili au tatu, au usiku mmoja kama yamechafuka mno. Yasipite hapo. Wapo waloweshao Jumatatu na kufua Alhamisi, wakidhani siku nyingi zitawafanyia kazi. Kumbe maji yakipoa na sabuni ikichoka, ndoo hiyo hugeuka kuwa lile shamba la vijidudu lililotajwa mwanzo, na harufu yake itatangaza habari hiyo kwa majirani.

Asubuhi maji hayo humwagwa, na matambara hufuliwa kwa sabuni mpya na maji ya moto, moja moja, yakisuguliwa juu ya ubao au jiwe safi. Ndipo huja kuchemsha. Matambara ya jikoni na ya mgonjwa yachemshwe, hata kama mengine yote yataachwa kwa uhaba wa kuni. Hutiwa katika debe pamoja na maji ya kuyafunika kabisa na sabuni kidogo, na tangu maji yaanzapo kutokota huhesabiwa dakika 10, huku yakigeuzwa kwa fimbo. Katika nchi za juu maji hutokota kabla ya kufikia nyuzi 100. Nairobi hutokota penye nyuzi 94 hivi. Watu wasitie shaka, joto hilo latosha kuviua vijidudu vya kuhara na vya macho. Hatari kubwa ni debe lenyewe. Liwekwe juu ya mafiga imara, na watoto wakae mbali, kwa maana maji yaunguzayo yamewaharibu watoto wengi.

Baada ya kuchemka, matambara husuuzwa kwa maji safi mpaka maji yasiteleze tena. Sabuni iliyobaki katika nyuzi huvuta vumbi na kuufanya uchafu urudi upesi.

Hapa pafaa pasemwe neno la dawa ya kufanya nguo iwe nyeupe, yaani maji ya klorini yanayouzwa katika chupa. Dawa hii huua vijidudu vizuri sana, lakini watu wengi huitumia vibaya. Huimimina juu ya tambara chafu, wakitumaini kuwa itaondoa kazi ya kufua. Klorini huteketea ikikutana na uchafu wowote, na ikiwa kuna mafuta na makombo mengi, yote huishia huko kabla ya kuvifikia vijidudu. Basi tambara hufuliwa kwanza, klorini huja baadaye, tena katika maji baridi, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Maji yaliyokwisha changanywa yasiwekwe kwa siku nyingi, kwani nguvu zake hupungua.

Neno hili lifuatalo lisisahauliwe. Klorini isichanganywe na siki, ndimu wala dawa kali za kusafishia choo, na isitiwe juu ya nguo iliyojaa mkojo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu ikatayo pumzi, nayo yaweza kumwua mtu katika chumba kidogo kilichofungwa. Winda za mtoto na matambara ya kitanda cha mgonjwa yasuuzwe kwa maji mengi kabla ya kukutana na klorini. Na aliyetumia ndimu kutoa doa la kutu aisuuze ndimu yote kwanza. Hata hivyo klorini haiondoi kutu, bali hulizidisha doa, basi hakuna faida ya kuunganisha hizo mbili.

Kuna tambara moja ambalo hatari yake si maradhi bali ni moto. Ni lile la fundi seremala au la mwenye nyumba aliyepaka mlango au meza kwa mafuta ya kitani. Mafuta hayo hukauka kwa kushikana na hewa, na katika kushikana huko hutoa joto. Tambara likitandazwa, joto huenda zake. Likifinyangwa na kutupwa pamoja na mengine pembeni mwa karakana, joto hukusanyika ndani ya rundo, huongezeka saa kwa saa, na rundo hilo laweza kuwaka lenyewe usiku bila kibiriti wala cheche. Watu husema kuna adui aliyechoma moto, na hutafutwa mwenye chuki, kumbe aliyewasha ni tambara. Matambara ya namna hiyo yatandazwe moja moja nje, juu ya jiwe au ukuta, mpaka yakauke na kuwa magumu, au yatiwe katika kopo la chuma lenye maji na kifuniko. Hata matambara yaliyojaa mafuta ya kupikia, yakianuliwa yakiwa ya moto na kurundikwa, yamewahi kuwaka katika nyumba za madobi. Yaachwe yapoe kabla ya kukunjwa.

Tambara la mafuta ya taa, la petroli au la rangi ya sakafu iliyochanganywa na tapentaini halichemshwi kamwe, wala halikaribishwi jikoni. Huanikwa nje penye upepo mpaka harufu itoke yote, kisha hufuliwa peke yake kwa maji ya sabuni, mbali na moto.

Sasa kuhusu kukausha. Kama ilivyosemwa, vijidudu vingi huogopa ukavu, na jua huongeza kazi yake juu ya hapo. Tambara lililofuliwa vizuri likaachwa ndani ya ndoo limekamuliwa nusu, litashika koga na uvundo kabla ya siku mbili, na kazi yote imepotea. Lianikwe likiwa limenyooshwa, halijakunjwa, juani na penye upepo, juu ya kamba au waya usio na kutu. Wenye kupanga chumba kimoja mjini huona shida, kwa sababu kamba ya uani ni ya watu wote na matambara si kitu cha kujivunia mbele ya wapangaji wenzi. Pigilieni basi, enyi akina baba, misumari miwili nje ya dirisha na kamba fupi. Haitagharimu kitu, nayo itaondoa aibu.

Desturi ya kuanika juu ya majani au mchanga haifai. Katika sehemu za joto yuko nzi wa rangi ya manjano iliyofifia ambaye hutaga mayai katika mchanga wenye uchafu na katika nguo zenye unyevu. Nguo ile ikimgusa mtu, mdudu aliyetoka katika yai huingia ngozini na kufanya jipu, na ndani ya jipu hukua funza. Watoto wachanga ndio wateswao zaidi. Kitambaa chochote kimgusacho mtoto, kikianikwa chini, sharti kipigwe pasi ya moto pande zote na katika mishono, kwa kuwa joto la pasi huyaua mayai.

Labda mama wa mashambani, atembeaye mwendo mrefu na debe kichwani, atauliza maji ya kazi yote hii yatatoka wapi. Swali lake ni la haki, na anayemfundisha usafi bila kulijibu anampotezea wakati. Jibu ni kuyatumia maji kwa zamu. Siku ya kufua nguo za nyumbani, maji ya mwisho ya kusuuzia, ambayo bado ni karibu safi, huwekwa kwa ajili ya kulowesha matambara. Maji ya pili ya matambara ya jikoni hulowesha matambara ya sakafu. Maji mapya kabisa huhitajiwa kwa kuchemsha na kwa kusuuza mwisho, na kwa matambara ya juma moja ya nyumba ya watu sita, debe moja la lita 18 laweza kutosha kazi hizo mbili. Ni afadhali matambara manne yaliyofuliwa sawasawa kuliko kumi yaliyochovywa.

Kuyapeleka mtoni si dawa. Uchafu wa mgonjwa ukifuliwa mtoni hunywewa na walio chini ya mkondo, na mfuaji mwenyewe akisimama katika maji yaendayo polepole, kama mifereji ya mashamba ya mpunga ya Mwea, hujitia katika hatari ya kichocho. Maji huchotwa, na kufua hufanywa mbali na ukingo. Maji machafu ya matambara ya kawaida humwagwa katika shimo la takataka, mbali na kisima na bustani ya mboga, kwa kuwa magadi huharibu udongo. Maji ya matambara ya mgonjwa wa kuhara humwagwa chooni, na mfuaji hunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko.

Tambara la vyombo na libadilishwe kila siku, la meza hali kadhalika, na la sakafu lisuuzwe na kuanikwa kila litumiwapo hata kama halikufuliwa kwa sabuni. Likitoboka na nyuzi zikaanza kubaki katika vyombo, lishushwe cheo: la jikoni likawe la sakafu, la sakafu likawe la choo. Kupanda cheo hakuruhusiwi. Na lile la choo lililokwisha kabisa, au lililofuta damu nyingi au uchafu wa mgonjwa wa kipindupindu, halifuliwi tena. Huchomwa moto shimoni likiisha kauka, au hutupwa ndani ya choo cha shimo, na kipande kipya cha gunia huchukua mahali pake.